Ipe Seva Muda wa Kuzimika

Amri ya kuzima seva ya Linux ina herufi nane: `poweroff`. Mwenye haki za msimamizi akiiandika na kubonyeza Enter haulizwi swali lolote, na muda mfupi baadaye feni zinanyamaza. Wepesi huo umewafanya wengi waamini kwamba kujua kuzima seva ni kujua amri yake. Mimi nashikilia kwamba amri ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Seva inayofanya kazi ni mdaiwa: imekwisha kuwaambia watu na programu kwamba imepokea na kuhifadhi mambo ambayo bado hayajafika mahali pa kudumu. Kuizima kwa usalama ni kuipa muda wa kulipa kabla umeme haujaondoka. Madeni hayo ni ya namna tatu. Kuna ambayo kerneli inayajua, nayo hulipwa kwa sekunde. Kuna ambayo programu zenyewe ndizo zinazoyajua, na hayo huweza kuchukua dakika kadhaa. Halafu kuna yale yaliyo vichwani mwa watu tu, ambayo huenda yakahitaji siku nzima. `poweroff` hulipa ya kwanza yote, ya pili kwa kiasi, na ya tatu haiyafahamu hata kidogo.

Tuanze na deni la kerneli, kwa kuwa ndilo rahisi. Programu inapoandika faili, Linux haikimbilii diski papo hapo. Data huwekwa kwanza kwenye RAM, programu huambiwa kazi imekwisha, na uandishi wenyewe hufanywa baadaye kwa mafungu, maana diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM. Kwa mpangilio wa kawaida, kerneli huamka kila baada ya sekunde 5 na kuandika data iliyokaa zaidi ya sekunde 30. Kwa hiyo ukichomoa waya ghafla unaweza kupoteza kazi ya nusu dakika ambayo kila mtu aliamini iko salama, isipokuwa ile ambayo programu ilidai kwa `fsync` iandikwe mara moja. Kiasi cha deni kinaonekana ukiandika `grep Dirty /proc/meminfo`, na amri ya `sync` huisukuma data yote hadi diskini, isiishe mpaka imemaliza. Mafundi wa zamani wa Unix walikuwa wakiiandika mara tatu mfululizo. Kwenye Linux ya leo mara moja inatosha, na mfumo wenyewe hufanya hivyo unapozimwa kwa utaratibu. Kwa deni hili wajibu wako ni mmoja tu: usikate umeme kabla mashine haijajizima yenyewe.

Deni la pili ndilo lenye mambo mengi. Unapoamuru seva izimike, systemd, ambayo Red Hat Enterprise Linux 7 ilianza kuitumia 2014 na Debian 8 mwaka 2015, haiziui programu moja kwa moja. Kwa kawaida huipelekea kila huduma ishara ya SIGTERM, ambayo ni ombi la kumaliza shughuli na kuondoka. Programu iliyoandikwa vizuri huacha kupokea kazi mpya, hukamilisha iliyo mkononi, hufunga faili zake na kutoka. Isipotoka ndani ya kikomo kilichowekwa hupelekewa SIGKILL, ambayo haikataliki. Kikomo cha kawaida ni sekunde 90. Fedora 38 ya mwaka 2023 ilikishusha hadi 45. Kontena za Docker hupewa muda mfupi zaidi: `docker stop` husubiri sekunde 10 tu, usipotaja muda mwingine kwa `-t`. Sekunde 90 zinaitosha sana seva ya wavuti. Hifadhidata yenye gigabaiti nyingi za kurasa zilizobadilishwa bila kuandikwa huenda ikahitaji dakika nne au tano, na mfumo hautaisubiri kwa huruma. Utaiua ikiwa katikati ya kuandika. Kwa hiyo kabla ya siku ya kuzima, uliza kikomo ni kipi: `systemctl show -p TimeoutStopUSec mysql`, ukiweka jina la huduma yako. Kikiwa kifupi, andika `systemctl edit mysql` na chini ya kichwa cha `[Service]` weka `TimeoutStopSec=15min`. Vifurushi vingine huja tayari na kikomo kirefu, lakini usidhani hivyo mpaka umeona.

Hifadhidata zina namna zake za kuondoka, na inafaa ujue unachoagiza. PostgreSQL ina namna tatu. Ya kwanza, `smart`, husubiri kila mteja akate muunganisho kwa hiari yake, na kwenye mfumo wenye programu zisizokata muunganisho itasubiri bila mwisho. Ya pili, `fast`, ambayo ndiyo chaguo la kawaida la `pg_ctl stop` tangu toleo la 9.5, huwakata wateja, hurudisha nyuma miamala isiyokamilika, kisha huandika kila kitu diskini. Ya tatu, `immediate`, huacha kila kitu kilipo, na hifadhidata itakapowaka tena lazima ianze kwa kujiponya. Kwa upande wa MySQL, kigezo cha `innodb_fast_shutdown` kikiwa 1, kama kilivyo kawaida, kurasa huandikwa na hifadhidata hufungwa vizuri. Kikiwa 2 hufungwa kana kwamba imeanguka. Msimamizi mwenye haraka hushawishika kuchagua hiyo 2, nami namsihi asifanye hivyo, kwa sababu muda anaouokoa jioni ataulipa asubuhi hifadhidata ikijiponya huku watumiaji wanasubiri. Njia bora ya kufupisha muda ni kuanza kulipa mapema. Kwenye Postgres toa amri ya `CHECKPOINT` muda mfupi kabla ya kusimamisha. Kwenye MySQL shusha `innodb_max_dirty_pages_pct` hadi 0 dakika kadhaa kabla, na utazame `Innodb_buffer_pool_pages_dirty` ikipungua.

Ushauri wangu kuhusu deni hili ni kwamba usimwachie systemd kazi yote. Simamisha huduma kwa mkono, moja baada ya nyingine, kuanzia iliyo karibu na mtumiaji: kwanza `systemctl stop nginx`, halafu programu yenyewe, halafu hifadhidata, ukikagua kila hatua kwa `systemctl status`. Mtu anaweza kuuliza kwa nini ajisumbue ilhali mfumo utazisimamisha zote. Sababu ni mbili. Systemd hufuata mpangilio ulioandikwa kwenye faili za huduma. Kama faili ya programu yako haikutaja kwamba huanza baada ya hifadhidata, basi wakati wa kuzima zote mbili husimamishwa pamoja, na programu inaweza kukuta hifadhidata imekwisha kuondoka kabla haijaandika kazi yake ya mwisho. Sababu ya pili ni nzito zaidi: huduma ikikwama wakati unaisimamisha kwa mkono, bado una mashine iliyo hai, una logi za kusoma na una nafasi ya kufikiri. Ikikwama katikati ya mfumo mzima kuzimika, muunganisho wa SSH umekwisha kukatika na huoni chochote. Ukiwa na seva kadhaa zinazotegemeana, kanuni ni ileile kwa upana zaidi: seva za programu kwanza, za hifadhidata baadaye, na ile inayowagawia wengine faili kwa NFS iwe ya mwisho, la sivyo wateja wake wataganda wakisubiri diski isiyopo. Kuwasha hufuata mpangilio huohuo kinyumenyume.

Sasa deni la tatu, ambalo hakuna amri inayolilipa. Seva iliyokaa mwaka mmoja au miwili bila kuzimwa huwa imekusanya mambo yaliyofanywa kwa haraka na kusahaulika. Mtu aliongeza kanuni ya `iptables` usiku wa shambulio na hakuihifadhi. Mwingine aliunganisha diski kwa `mount` bila kuiandika kwenye `/etc/fstab`. Wa tatu aliwasha programu ndani ya `tmux` akisema ataitengenezea huduma wiki ijayo. Yote hayo yanafanya kazi leo, na yote yatatoweka mashine ikizimwa, kwa sababu yanaishi kwenye kumbukumbu tu. Linganisha orodha ya `systemctl list-units --type=service --state=running` na ile ya `systemctl list-unit-files --state=enabled`; huduma iliyo kwenye ya kwanza na haimo kwenye ya pili huenda isirudi. Toa kanuni za mtandao zinazotumika kwa `iptables-save` au `nft list ruleset` na uzilinganishe na zilizohifadhiwa. Kagua fstab kwa `findmnt --verify`, maana mstari mmoja mbovu unaweza kuifanya seva isimame kwenye hali ya dharura ambako SSH haifiki. Kama diski imesimbwa na inadai nywila wakati wa kuwaka, jua ni nani anayeijua na atakuwa wapi. Kama mashine iko mbali, jaribu kwanza njia ya kuiwasha, iwe iDRAC, iLO au `ipmitool chassis power status`, kabla ya kuizima, kwa sababu seva iliyozimika haina mstari wa amri wa kukusaidia. Nakala rudufu nazo ni za kabla, na nakala ambayo haijawahi kurejeshwa hata kwa majaribio usiihesabu.

Yote hayo yakishakaa sawa, tendo lenyewe ni fupi, ila linaanza na swali ambalo wenye uzoefu ndio wanaolisahau zaidi: hii ni mashine ipi? Andika `hostname` na usome jibu. Usiku wa 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, akiamini yuko kwenye seva ya akiba, alianza kufuta saraka ya data kwenye hifadhidata kuu. Alipoisimamisha amri, katika karibu GB 300 zilikuwa zimebaki GB 4.5, na kampuni ilipoteza mabadiliko ya takriban saa sita. Hakukosa ujuzi. Alikosea mashine. Kwenye Debian na Ubuntu kuna kifurushi kiitwacho `molly-guard`, ambacho hukutaka uandike jina la mashine kabla hakijakuruhusu kuizima kupitia SSH, na sioni sababu ya seva yoyote muhimu kukikosa. Kisha tazama nani yuko ndani kwa `w`, ni kazi gani zimeomba mashine isizimwe kwa `systemd-inhibit --list`, na kama kuna `rsync`, `pg_dump` au usasishaji wa vifurushi unaoendelea. Usasishaji ukikatwa katikati unaweza kuacha mfumo nusu mpya nusu wa zamani, kwa hiyo usubiri uishe.

Hapo ndipo unaandika, kwa mfano, `shutdown -h +15 "Seva inazimwa saa 4 usiku kwa matengenezo. Hifadhi kazi zako."` Ujumbe huo utatokea kwa kila aliyeingia kwa mstari wa amri, na dakika tano za mwisho watumiaji wa kawaida hawataruhusiwa kuingia upya. Kumbuka kwamba wanaotumia tovuti hawauoni, kwa hiyo wao wanahitaji tangazo lao kwenye ukurasa wenyewe. Ukigundua umesahau jambo, `shutdown -c` hufuta agizo. Hii ndiyo sababu sipendi neno `now` mwishoni mwa amri: linaua nafasi ya kughairi, ambayo ni kinga ya bure. Hata ukiandika `shutdown` bila muda, systemd hukupa dakika moja. `halt` nayo iache, maana huweza kusimamisha mfumo bila kuzima umeme, ukabaki na mashine isiyofanya kazi na isiyozimika.

Kuna hoja nzito dhidi ya yote haya, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox walipendekeza programu ambazo njia yake pekee ya kusimama ni kuanguka, na njia pekee ya kuanza ni kujiponya. Kwao, mfumo usiostahimili kukatwa ghafla ni mfumo mbovu tayari. Ext4 ina jarida lake, Postgres ina logi yake ya mabadiliko, kwa hiyo kwa nini tusichomoe waya tu? Nakubali nusu ya hoja: mfumo lazima ustahimili kuanguka, na unafaa kujaribiwa hivyo. Lakini jarida la ext4, kwa mpangilio wa kawaida, hulinda muundo wa mfumo wa faili, halilindi kila neno ulilokuwa unaandika. Na kinga zote za juu zinategemea diski iseme kweli inaposema imeandika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na maabara za HP waliochapisha matokeo yao 2013 walikata umeme kwa makusudi kwenye diski 15 za SSD. Diski 13 zilionyesha hitilafu, kuanzia data iliyoharibika hadi diski kufa kabisa. Mwaka 2018 jamii ya PostgreSQL nayo iligundua kwamba kwenye Linux `fsync` ikishindwa mara moja, jaribio la pili laweza kujibu kwamba mambo ni sawa ilhali data imepotea, na ikawabidi wabadilishe programu yao. Uwezo wa kujiponya ni akiba ya siku mbaya, na kuutumia kila wiki kwa hiari ni kujaribu kila wiki kama diski yako ni miongoni mwa zile 13.

Hoja nyingine inatoka kwa wanaoishi na umeme usioaminika: mwongozo huu ni wa wenye nafasi, sisi umeme haututangazii. Ni kweli. Usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa gizani kwa saa nyingi, na UPS (betri ya akiba) ya kawaida ya ofisi haibebi saa nyingi. Ndiyo maana kazi ya UPS ni kununua dakika, na swali ni ngapi. Programu ya `apcupsd`, kwa mpangilio wake wa kawaida, huanza kuzima seva ikibaki asilimia 5 ya betri au dakika 3. Kama hifadhidata yako inahitaji dakika tano kufungwa, mpangilio huo umekwisha kukuhukumu. Pima muda halisi wa kuzima siku ya utulivu, uuzidishe mara mbili kwa ajili ya betri iliyochakaa, na uweke tarakimu hiyo kwenye `MINUTES`. Zingatia pia umeme unaorudi seva ikiwa katikati ya kuzimika: kama UPS haikukata umeme hata kidogo, seva itazimika na kubaki hivyo, kwa kuwa haikuona umeme ukipotea na kurudi. `apcupsd` na programu mwenzake NUT zote zinaweza kuiagiza UPS ikate umeme wa seva mwishoni na kuurudisha baadaye. Washa uwezo huo, na kwenye BIOS agiza mashine iwake umeme urudipo.

Ikitokea mashine imegoma, panda ngazi polepole. Kwanza subiri kikomo cha huduma kiishe. Kisha jaribu `systemctl poweroff --force`, ambayo huua programu bila kuzisimamisha kwa utaratibu lakini bado huachanisha mifumo ya faili. Ukiandika `--force` mara mbili, hakuna kinachoachanishwa. Badala ya kufika huko, kama bado una haki za msimamizi, pitisha herufi `s`, kisha `u`, kisha `o` kwenye `/proc/sysrq-trigger` kwa `echo`, ukipumzika sekunde chache kati yake: data itaandikwa, mifumo ya faili itafanywa ya kusoma tu, na umeme utazimwa. Kitufe cha umeme cha mbele ya mashine ni cha mwisho kabisa.

Mashine pepe na za wingu zina mitego yake. `virsh shutdown` huiomba mashine izimike, `virsh destroy` huichomoa waya. Kwenye Amazon EC2, kuzima kutoka ndani kwa kawaida husimamisha mashine, lakini kama iliwekwa hivyo huifuta kabisa, na data iliyo kwenye diski za muda za mwenyeji hupotea kwa vyovyote. Kwenye Azure, mashine iliyozimwa kutoka ndani huendelea kulipiwa mpaka uiachie kwa `az vm deallocate`. Kwa Windows Server, `query user` huonyesha waliomo, `shutdown /s /t 600 /c "ujumbe"` huzima baada ya dakika kumi na `shutdown /a` hughairi; fahamu tu kwamba ukitaja muda unaozidi sifuri, programu zitafungwa kwa nguvu hata zikiwa na kazi isiyohifadhiwa.

Seva ikishawaka tena, thibitisha kwamba deni lililipwa. `systemctl --failed` iwe tupu. `last -x` ionyeshe kuzimwa kabla ya kuwaka. Palipo na neno `crash`, haikuzimwa, ilianguka. Logi ya Postgres itasema kama hifadhidata ilifungwa saa fulani au ilikatizwa na kulazimika kujiponya. Kwenye Windows, tukio namba 6008 lina maana hiyohiyo. Halafu fungua `journalctl -b -1 -e`, ambayo huhitaji saraka ya `/var/log/journal` iwepo, na usome mwisho wa maisha yaliyopita ya seva. Tafuta saa ya huduma ya kwanza kusimama na saa ya mstari wa mwisho. Tofauti yake ndiyo muda ambao seva yako inahitaji, na ikiwa umezidi ulioweka kwenye UPS, rekebisha leo.